Maharage ya Gizani

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani, na kama yuko mtu atakayesema anaifahamu, basi kaitafuta mwenyewe, mimi sikumwonyesha. Ni nchi nzuri sana. Ina milima, ina mito, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi, na ina sherehe karibu kila siku ya wiki. Naipenda kwa moyo wangu wote, maana kazi yangu ni kukodisha viti na maturubai. Kwingineko mtu wa kazi hii husubiri harusi na misiba. Kwetu serikali peke yake inanitosha. Kisima kikichimbwa, naitwa na viti. Kisima hicho kikikauka, huzinduliwa upya, naitwa tena.

Kwa hiyo haya nitakayosema sikuhadithiwa. Nilikuwapo. Kila mara Mheshimiwa Waziri alipokuwa amekaa, alikuwa amekalia kiti changu.

Kwanza lazima nieleze habari ya tamko. Nchi yetu inalo bunge, tena lina jengo zuri, lakini kutunga sheria huko kunachukua muda, na viongozi wetu ni watu wenye shughuli. Kwa hiyo tunatumia tamko. Waziri akisimama mbele ya kipaza sauti, anachosema kinaanza kufanya kazi kabla hajarudi kukaa. Waziri mmoja alikwenda kwenye harusi ya mpwa wake, akatania kwamba keki ile ni ndefu mno. Kesho yake asubuhi askari walikuwa kwenye maduka ya keki, na rula mikononi. Mpaka leo keki zetu ni fupi, na hakuna aliyelalamika.

Sasa twende kwenye maharage.

*

Kila mwaka Wizara ya Sayansi, Kilimo na Maelekezo Mengineyo huandaa Maonyesho ya Biolojia kwa shule za sekondari. Wizara hutuma kitini chenye mawazo ya miradi, ili wanafunzi wachague. Ni kitini kizuri, lakini kabla hakijafika shuleni lazima kipite kwa Afisa Elimu wa Wilaya, Bwana Lwimbo, naye ana kalamu nyekundu.

Bwana Lwimbo ni mtu mwangalifu. Mradi wa kuotesha ukungu kwenye mkate aliufuta, kwa sababu Mheshimiwa Waziri, ambaye ndiye mgeni rasmi, angeweza kuuliza mkate umetoka duka gani, na duka ni la shemeji yake. Mradi wa kupima mapigo ya moyo kabla na baada ya kukimbia aliufuta pia, akisema kwamba wananchi wakionekana wanakimbia, wageni watataka kujua wanakimbia nini. Wa kuchunguza vijidudu vya mikononi haukufika mbali, maana mgeni rasmi hupeana mikono na watu wengi. Ule wa kurithi sura ulikuwa umeshapigwa marufuku tangu mwaka juzi. Kijana mmoja wa kidato cha pili alibandika ukutani picha za masikio yake na za mama yake, akaandika chini, "Masikio haya hayakutoka kwa mama," na wageni wote wakageuka kutazama masikio ya mgeni rasmi. Mradi wa viluwiluwi ulipita, kwa sharti kwamba wasigeuke vyura kabla ya maonyesho, kwa kuwa kwenye ratiba walikuwa wameandikwa viluwiluwi.

Uliobaki mzima ni mmoja: je, mmea unahitaji mwanga? Huo ukachukuliwa na Mbuke.

Mbuke alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Bondeni, binti mwembamba, mpole, mwenye ugonjwa mmoja tu: ukimwambia jambo anakuuliza, "Umejuaje?" Mama yake alilima mchicha na matembele kwenye bustani kando ya mto, nyuma ya soko. Baba alikwishafariki. Bustani ile ndiyo iliyomlisha Mbuke, ikamvisha na kumpeleka shule, na kila jioni ungemkuta huko na ndoo, akimwagilia na kuuliza maswali.

*

Siku ya ukaguzi nilikuwa shuleni napima uwanja wa kuweka maturubai, nikamwekea Bwana Lwimbo kiti. Alikaa mbele ya makopo mawili ya maziwa ya unga yaliyojaa udongo. Mbuke alisimama pembeni pamoja na mwalimu wake wa biolojia, Mwalimu Sekalage, kijana msomi ambaye shati lake lilikuwa limeloa jasho tangu gari la Afisa lilipoingia getini.

"Haya, binti. Nieleze kwa kifupi."

"Shikamoo, Bwana Afisa. Kopo hili litakaa juani. Hili lingine litakaa kabatini, gizani. Vingine vyote sawasawa: udongo, maji, mbegu za maharage."

"Vizuri. Na hayo ya kabatini yatakuwaje?"

"Yatakuwa ya njano, yatarefuka ovyo, halafu yatakufa."

Bwana Lwimbo alivua miwani.

"Yatakufa. Mbele ya Mheshimiwa Waziri."

"Ndiyo, Bwana Afisa. Tusipoona yakifa hatutajua kwamba mwanga ndio ulioyasaidia yale mengine."

"Binti, mimi niko kazini tangu hujazaliwa. Sijawahi kumwonyesha mgeni rasmi kitu kilichokufa. Atauliza: nani alikuwa anasimamia kopo hili? Utamjibu nini?"

"Nitamwambia ni giza."

"Giza halina cheo! Ataniuliza mimi."

Mwalimu Sekalage akajikohoza. "Bwana Afisa, samahani. Kitaalamu, lazima kundi moja linyimwe kitu, ili..."

"Linyimwe?" Bwana Lwimbo alisimama. "Mwalimu, umesema linyimwe? Katika shule ya serikali? Serikali hii inamnyima nani? Hebu nikumbushe, ile shule ya kule mpakani, inayofikika kwa punda, tena punda mwenyewe akiamua, si ilikuwa inahitaji mwalimu wa biolojia?"

Mwalimu akasema hakumbuki alichokuwa anataka kusema.

Ikaamuliwa kwamba kopo la gizani litatolewa nje kila asubuhi lipate jua, na kurudishwa kabatini shule ikifungwa.

"Lakini basi halitakuwa la gizani," Mbuke alisema.

"Kibandiko chake kinasema Gizani," Bwana Lwimbo akamjibu kwa upole kabisa, jinsi mtu mzima anavyomwelewesha mtoto. "Vibandiko vimeshachapishwa."

Mbuke alikataa kulitoa. Alisema yeye hawezi kudanganya maharage. Basi ikaundwa Kamati Ndogo ya Kulinusuru Kopo, yenye mwenyekiti, katibu na wajumbe kutoka idara mbalimbali, na nawaambieni, sijaona kamati iliyochapa kazi namna ile. Walilitoa kopo jogoo akiwika. Waliligeuza kila upande upate haki yake. Mjumbe wa idara ya kilimo akaleta mbolea kwenye mfuko wa koti, mjumbe wa idara ya maji akaleta maji ya chupa. Lile kopo la juani, kwa kuwa halikuwa na kamati, lilipata maji ya bomba pale Mbuke alipoyapata.

*

Maonyesho yalipangwa kufunguliwa asubuhi. Mheshimiwa Waziri aliwasili alasiri, ambayo kwetu ni mapema. Ni mtu mkubwa kwa mwili na kwa moyo, anapenda maelezo mafupi na viti vipana. Alipita kwenye viluwiluwi, ambao walikuwa wameshaanza kutoa miguu na kwa sababu hiyo walifunikwa na bendera, kisha akasimama mbele ya makopo mawili ya Mbuke.

La Juani lilikuwa na maharage ya kijani, ya wastani. La Gizani lilikuwa na maharage ya kijani yaliyonenepa, majani mapana, yamepanda juu ya vijiti vyake mpaka yanataka kutoka kwenye turubai langu.

Waziri akasoma kibandiko cha kwanza. Akasoma cha pili. Akarudi kwenye cha kwanza.

"Hili lilikaa wapi?"

"Kabatini, Mheshimiwa," Bwana Lwimbo akawahi.

"Kabatini kuna dirisha?"

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo giza limelishinda jua."

Mbuke akasogea. "Mheshimiwa, hapana. Lile lilikuwa linatolewa nje kila..."

Bwana Lwimbo akapunga leso, na bendi ya shule, iliyokuwa inasubiri leso hiyo tangu asubuhi, ikaanza kupiga. Mdomo wa Mbuke tuliuona unaendelea kwenda, lakini tarumbeta zilikuwa nyingi.

Mheshimiwa hakusubiri hata soda. Alikwenda moja kwa moja kwenye kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Kwa miaka mingi tumelitegemea jua. Nawaulizeni, jua ni la nani? Tuna mkataba nalo? Linachomoza linapotaka. Linazama bila kuaga. Likiamua kuchoma, linachoma, na hatuna pa kulishtaki. Leo binti huyu, mtoto wa mkulima wa mchicha, ametufungua macho. Ametuonyesha kwamba giza, ambalo tunalo kwa wingi, ambalo hatuliagizi kutoka nje, ambalo hata maadui zetu wanakiri kwamba tunalo, giza ni rasilimali! Kuanzia leo, katika nchi hii, jua halioteshi kitu! Kila kitu kitaota gizani!"

Tulipiga makofi mpaka viti vikaanza kulegea. Mimi nilipiga kwa viganja vyote, maana nilikwishaona kwamba jambo kubwa namna hii halikosi uzinduzi. Mbuke alivishwa skafu yenye maneno "Mgunduzi wa Taifa." Akabaki nayo shingoni analia, na gazeti la serikali likaandika kwamba ni machozi ya furaha.

*

Mpango wa Taifa wa Kilimo cha Gizani ulianza kesho yake. Kwa kuwa jua halioteshi tena, ardhi yote yenye jua ikawa ya ziada. Wataalamu wakatembea na kamba, wakaona kwamba ardhi ya ziada iliyo nzuri kuliko zote ni bustani za kando ya mto. Hapo pangejengwa Ukumbi wa Kudumu wa Sherehe. Wakulima wote wangehamia kwenye ghala kuukuu la pamba, lisilo na dirisha, ambalo milango yake ilizibwa nyufa kwa lami ili mwanga usije ukaharibu mazao.

Sitaficha kwamba nilifurahi. Ukumbi wa kudumu unahitaji viti. Lakini jioni ile nilipita mtoni kuangalia mahali pa kuweka stoo yangu, nikamkuta Mama Mbuke amekaa kwenye tuta, skafu ya bintiye iko mapajani mwake, na Mbuke amechuchumaa mbele yake.

"Mbuke mwanangu," alisema, "nilikupeleka shule ukasome, au ukatufukuzishe?"

"Mama, niliwaambia. Nilisema mbele yao wote. Wakapiga tarumbeta."

"Wamesema siku ya mavuno ya huko ghalani, Waziri akishavuna tu anakuja hapa kuweka jiwe la msingi. Hapa hapa nilipokaa. Baada ya hapo tutakula nini, mwanangu? Skafu?"

Mbuke alianza kulia tena. Mama yake akamfuta uso kwa ncha ya khanga, kwa hasira kidogo, namna mama anavyokufuta akiwa anakupenda na amekasirika kwa pamoja.

"Hawasikii kwa masikio, hilo nimeliona. Basi wewe tafuta wanasikilizia wapi."

Nami nilijifanya napima upepo.

*

Ndani ya ghala mambo yalikwenda vizuri sana, kwa maana kwamba hakuna aliyeyaona. Taa zilikatazwa. Tochi zilikatazwa. Simu zenye mwanga ziliachwa mlangoni. Kamati za ukaguzi ziliingia moja baada ya nyingine, zikagongana vichwa, zikapapasa, zikatoka na taarifa kwamba zimeridhishwa. Niliombwa kuweka viti humo ndani kwa ajili ya wakaguzi, na Mkaguzi Mkuu wa Mbegu alikaa kwa muda mrefu akidhani amepata kiti chenye mto laini, kumbe alikuwa amemkalia Katibu Tarafa, ambaye kwa heshima hakusema kitu.

Akina mama waliohamishiwa humo walimwagilia kwa kufuata sauti. Walipopapasa waligusa nyuzi nyembamba zinazoteleza. Walimwambia Bwana Lwimbo. Naye akaandika kwenda wizarani kwamba mazao ni laini.

Bustani za mtoni zilikuwa bado hazijachukuliwa, zinasubiri jiwe la msingi. Hakuna aliyeruhusiwa kuuza kilichokuwa humo, kwa kuwa kisheria hakikuwamo. Sokoni wauza mboga waliacha kutandika meza. Watu walikula ugali na chumvi, wakisifu. Lakini Mama Mbuke na wenzake waliendelea kumwagilia, eti kwa mazoea.

Kikafika kikao cha maandalizi ya Siku ya Mavuno. Mimi niko humo daima, kwa ajili ya mpangilio wa viti. Mbuke naye aliitwa, kwa cheo chake cha Mgunduzi wa Taifa, na alitakiwa tu atoe shukrani halafu akae. Alisimama na sare yake ya shule na skafu yake.

"Nashukuru," alisema. "Naomba na kupendekeza. Siku hiyo chakula cha mchana cha wageni kitokane na mavuno ya gizani peke yake. Kisichanganywe na cha juani hata punje. Taifa lione kwamba tunaamini."

Bwana Lwimbo, mwenyekiti, alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta sentensi itakayokataa bila kukataa. Yeye ndiye mtu pekee mle ndani aliyejua vizuri kilichokuwa ghalani, na hakuna kitu ambacho angeweza kusema bila kujulisha kwamba anajua.

"Wazo zuri mno," alisema mwishowe. "Ila nadhani, kwa tahadhari tu, pawe na akiba kidogo ya... ya kuku."

"Kuku wanakula mahindi ya juani, Bwana Afisa," Mbuke akamjibu.

Mjumbe mmoja akapiga makofi, na likawa limepita. Kesho yake kadi za mwaliko zilichapishwa na maneno hayo kwa herufi za dhahabu.

*

Siku moja kabla ya mavuno Bwana Lwimbo alifika mtoni, bila tai, bila gari, ameshika mfuko mtupu. Mimi nilikuwa pale pale kwenye kipimo changu cha stoo. Akamwendea Mama Mbuke aliyekuwa anapalilia.

"Shikamoo, Mama Mbuke."

Mama Mbuke akainuka taratibu. "Bwana Afisa, mimi ni mdogo kwako. Unaumwa?"

"Naomba mchicha."

"Mchicha gani?"

"Huu hapa."

"Huu si uko juani?"

"Uko juani, ndiyo."

"Na tamko linasemaje?"

Bwana Lwimbo alitazama kushoto na kulia. "Linasema jua halioteshi kitu."

"Basi hapa hakuna kitu, baba. Ni macho yako."

"Mama Mbuke, nauona! Umefika magotini!"

"Utasema hivyo kesho mbele ya Waziri? Kwamba umeuona mchicha umeota juani? Ukisema, nakupa wote, bure."

Nilidhani atasema. Mfuko ulipepea mkononi mwake, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetamani sana kuwa mtu mwingine. Kisha akaenda bustani ya pili, akaenda ya tatu. Akina mama wote walimjibu hivyo hivyo, na wengine walimpa pole ya macho. Nilimhurumia, nasema kweli. Halafu nikakumbuka Mwalimu Sekalage na yule punda, huruma ikapungua.

*

Siku ya Mavuno ilifana. Mheshimiwa Waziri aliingia ghalani na ujumbe wake, mlango ukafungwa nyuma yetu, tukawa gizani wote kwa usawa kamili. Alihutubia bila kuonekana. Alisema haoni kitu, na kwamba huo ndio ushahidi. Akainama akavuna, tukasikia kitu kama mtu anang'oa nywele, tukashangilia. Kilichovunwa kikatiwa kwenye vikapu vyenye mifuniko, vikapelekwa jikoni.

Tulitoka tukakaa mezani chini ya maturubai yangu mapya. Mezani kulikuwa na Waziri, wakurugenzi, wageni kutoka nchi marafiki, na nyuma yetu mji mzima umesimama. Tukasubiri. Jua, ambalo halikuwa na kazi nyingine, lilikuwa linachoma. Nchi yetu imewahi kusamehe daraja lililoanguka siku ya kuzinduliwa. Imewahi kusamehe hospitali iliyojengwa bila mlango. Lakini mgeni wa kiserikali kukaa mezani bila kula, hilo halijawahi kutokea, na hakuna aliyejua adhabu yake.

Sahani zikaletwa, mifuniko ikafunuliwa kwa pamoja, kwa heshima. Kwenye kila sahani palikuwa na nyuzi chache nyeupe zilizolala ndani ya maji yake.

Waziri aliinama akazitazama. Hapo tumbo lake likanguruma, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa kimewekwa mbele yake, lilinguruma juu ya mji wote. Karani wa Wizara, kwa mazoea, akaanza kuandika.

"Lwimbo," Waziri alisema. "Chakula kiko wapi?"

"Ndicho hicho, Mheshimiwa."

"Hiki ni nini?"

"Ni mavuno, Mheshimiwa." Kisha Bwana Lwimbo akafanya alichofanya. Alinyoosha kidole. "Ni yule binti, Mheshimiwa! Ndiye mgunduzi. Ametudanganya sote!"

Askari wawili wakasogea pale alipokuwa Mbuke. Mama yake aliuacha umati akaja mbio, akamshika mkono, na nilijua kwamba hata wangekuja ishirini wasingewaachanisha. Nilitaka kusema kitu. Nikapanga kiti kimoja vizuri.

Mbuke akavuta pumzi, akasogelea kipaza sauti pamoja na mama yake, kwa kuwa hawakuwa wameachana.

"Mheshimiwa, hapa karibu kuna mchicha mwingi. Ila kisheria haupo."

"Haupo kwa nini?"

"Kwa sababu umeota juani."

Waziri alizitazama nyuzi. Akawatazama wageni wa nchi marafiki, ambao mmoja wao alikuwa ameanza kutafuna kadi ya mwaliko. Kisha akasimama, akafunga vifungo vya koti, na nikaona jinsi kiongozi wa kweli anavyofikiri: kuanzia tumboni kwenda juu.

"Ndugu wananchi! Ninayo furaha kuwatangazia kwamba Mpango wa Kilimo cha Gizani umekamilika, kwa mafanikio makubwa, kabla ya muda wake. Kuanzia dakika hii jua linaruhusiwa kuotesha. Bustani za mtoni ni za wenyewe, wao na watoto wao, na mtu asiziguse, ila mchicha uchumwe sasa hivi!"

Ukumbi wangu wa kudumu ukaondoka hivyo, kwa sentensi moja. Iliniuma. Lakini na mimi nilikuwa na njaa.

*

Sherehe nzima ilihamia mtoni, bendi mbele, masufuria nyuma. Akina mama walichuma, wakakaanga na kitunguu na nyanya, wakasonga ugali wa unga waliotoa majumbani kwao. Waziri alikaa kwenye kiti changu kipana katikati ya matuta, miguu ya kiti ikizama polepole kwenye matope, sahani mapajani. Alikula bila hotuba. Alimaliza, akaongezewa, akamaliza. Mama Mbuke alikuwa amesimama mbele yake na kikapu, anasubiri kama atataka tena.

Waziri alifuta vidole. Nadhani shibe ilimlegeza, maana aliuliza kwa sauti ya kawaida, sauti ambayo hatukuwahi kuisikia, na hapakuwa na kipaza sauti.

"Binti. Lile kopo la kabatini. Lilikuwa linatolewa nje?"

"Kila siku, Mheshimiwa."

"Nani mwingine alikuwa anajua kwamba mmea bila jua unakufa?"

Mbuke alitufikiria kidogo.

"Wote, Mheshimiwa."

"Wote wanafunzi?"

"Watu wote. Hata watoto wadogo wanajua."

Waziri akageuza shingo akatutazama: wakurugenzi, wakaguzi, walimu, bendi, mji mzima uliojipanga kwenye ukingo wa mto na sahani mikononi. Alionekana ameumia kweli, ameumia kitoto.

"Sasa mbona mlinipigia makofi?"

Lilikuwa swali gumu. Tukatazamana. Mwalimu Sekalage alitazama viatu vyake. Bwana Lwimbo alikuwa amejificha nyuma ya ngoma kubwa. Kimya kikawa kirefu mno, na kimya kirefu mbele ya Waziri ni utovu wa adabu. Mtu mmoja huko nyuma akaanza taratibu, wa pili akamfuata, na kabla hatujajua tunafanya nini, tukawa tunapiga makofi sote.

Mama Mbuke hakupiga, mikono yake ilikuwa na kikapu. Mbuke alikuwa na mikono mitupu, naye hakupiga. Alitutazama tu. Macho yake yalipokutana na yangu niliona aibu, aibu kubwa, na kwa kuwa sikujua mtu akiona aibu anatakiwa afanye nini, nikapiga kwa nguvu zaidi.